Tupeane uzoefu: ulimwomba Mungu akuongoze kwenye uamuzi mzito, jibu ulilijuaje?

Mama wa Chuno (mwanzisha uzi)

Wana Kusini, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za nyumbani.

Naanza na yangu. Marehemu baba alituachia mikorosho huko Newala. Mwaka juzi nilitaka kuweka fungu langu rehani kwa misimu mitatu, nipate mtaji wa duka la vyombo hapa Mtwara mjini. Mtu wa kuichukua alikuwepo, bei tulishakubaliana. Nikasema kabla sijasaini, nimtake Mungu shauri. Kila usiku nikaswali istikhara, rakaa mbili, nikasoma dua yake, nikalala na udhu nikisubiri ndoto. Usiku saba. Sikuota kitu.

Nikamwendea ustadhi anayewasomesha wanangu madrasa. Akaniuliza, "Hiyo dua unayosoma, maana yake unaijua?" Nikamwambia juujuu tu. Akanifasiria: Ee Mola, ikiwa unajua jambo hili lina heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie wepesi. Na ikiwa lina shari kwangu, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Akasema, "Mama, umesikia ndoto humo?" Akanikumbusha hadithi ya Jabir bin Abdillah aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Nayo haisemi ndoto. Unaomba, unashika njia, unatazama kama inafunguka au inafunga.

Nikashika njia. Siku ya kwanza ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, yule mtu hakutokea. Siku ya pili akaja na karatasi ya misimu mitano. Siku ya tatu kaka yangu, aliyekuwa radhi tangu mwanzo, akagoma kuwa shahidi. Nikaacha. Duka sijafungua hadi leo, na siwezi kuwaambia kwamba yule mtu alikuja kujulikana kuwa tapeli, maana sijasikia hivyo. Ninachojua ni kwamba moyo ulitulia siku niliyosema basi, na mikorosho naipalilia mwenyewe.

Nawaomba wenzangu, Waislamu na Wakristo, tusimuliane. Na kama uliomba, ukaamua, ikawa vibaya, ya kwako naitaka zaidi.

Kijana wa Masasi

Shikamoo mama. Yangu ndiyo hiyo ya vibaya.

Mwaka 2018, kabla ya msimu, nilikuwa na hela kidogo nikataka kuingia kangomba. Kwa wasio wa huku: unamfuata mkulima mwenye shida, ada ya mtoto inadaiwa, mgonjwa yuko wodini, unampa fedha leo kwa bei ya kumuumiza, msimu ukifika anakulipa korosho kwa kipimo chako. Ilishapigwa marufuku, na mimi nilijua. Lakini nilifunga siku tatu nikiomba. Nikaweka ishara kama Gideoni wa kwenye Biblia na ngozi yake ya kondoo: Bwana, kama umeniruhusu, watu watano wanifuate wenyewe kabla ya Jumapili. Wakaja saba. Nikashukuru, nikatoa na sadaka.

Novemba ile mnaikumbuka. Wakulima walikataa bei za mnadani, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na mwenye kudai malipo akahakikiwa shamba lake. Mimi nina magunia ndani, mkorosho sina hata mmoja.

Nilipomlilia katekista wetu aliniuliza swali moja: "Ulimwomba Mungu akuongoze, au akusindikize?" Nililia upya. Wale saba hawakuletwa na maombi yangu, waliletwa na dhiki zao, na dhiki Masasi kabla ya msimu haihitaji muujiza. Mama mmoja mjane nilimrudishia korosho zake akauze kwa jina lake. Wengine sikuwafikia wote, na hilo bado linaniuma. Siku hizi kabla ya kupiga magoti najiuliza kwanza kama jambo lenyewe ni halali. Kama si halali, sina cha kuombea.

Binti wa Mtanda, Lindi

Mimi ni la ndoa. Posa zilikuja mbili mwezi mmoja. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akataka tupeleke majina kwa mzee mmoja atupigie bao, aone nyota zipi zinapatana. Nilimwambia kwa adabu, bibi, mimi nitaswali. Alikasirika wiki nzima. Nikaswali, na baba akaenda kuuliza watu habari za kila mposaji: majirani zake, wanaoswali naye, hata anayemkopesha unga. Naona watu wanasahau kuuliza. Hakukuwa na ndoto wala sauti. Kwa mmoja kila kikao kilizua kikao kingine; kwa huyu niliye naye mahari yalikwisha kwa kikao kimoja. Tuna watoto watatu.

Mwalimu, Nachingwea

Niliomba mwaka mzima kama nihame au nibaki. Kimya. Kisha ikaja barua ya kunipeleka wilaya ambayo sikuiomba kabisa. Nikaenda.

Kitindamimba wa Mitwero

Nimesoma zote tangu jana, nikaandika, nikafuta.

Mei 2024 baba alikuwa hoi hapa Lindi. Kaka zangu walitaka apelekwe Dar siku ileile, lakini mimi ndiye niliyekuwa naye, wakasema niamue. Niliswali istikhara saa nane usiku. Nikaona nisubiri apate nguvu kidogo ya safari. Siku mbili hizo ndipo kimbunga Hidaya kikaleta mvua zile, barabara ya Dar ikakatika Somanga, magari yakalala njiani. Baba akafariki nyumbani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Kaka mkubwa aliniambia, "Ungesema ndiyo siku ile, tungekuwa tumeshavuka." Inawezekana. Inawezekana pia angekatia roho ndani ya gari kwenye foleni ya matope. Mama wa Chuno, ulipoandika maneno ya mwisho ya ile dua, kisha uniridhishe nayo, niliweka simu chini. Mimi nilikuwa nasoma dua yote, lakini hapo mwisho nilikuwa napita haraka. Sasa ndipo ninaposimama kila siku. Bado sijaridhika. Naomba bado.

Mama wa Chuno

Pole sana mwanangu. Jumamosi nina safari ya Lindi kwa shemeji. Niandikie pembeni unapokaa, nitapita, twende wote kaburini kwa mzee tumsomee.