Mihogo na majimbi Komoro: vinapungua kweli, au hesabu ndiyo inatuchanganya?

BintiKurasini

Habari za jioni wadau. Nafanya kazi kwa wakala wa mizigo hapa Kurasini, mwaka wa sita sasa. Naandika hati za shehena za kwenda Moroni na Mutsamudu, bandari za Komoro: vitunguu, viazi mviringo, unga wa ngano, saruji, mabati. Muhogo mbichi sijauandika hata mara moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka juzi.

Binamu yangu anasoma Moroni. Kanitumia mchoro alioutoa kwenye takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilo za vyakula vya mizizi kwa kila mtu Komoro kwa mwaka. Mstari unapanda na kushuka. Kila unaposhuka ameandika pembeni sababu ile ile: "watu wamehamia kwenye wali."

Nakubali wali unaliwa sana. Lakini bibi yangu mzaa mama, koko tulivyomwita, alikuwa wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kijiji cha chini ya mlima wa volkano Karthala, na likizo zangu za utotoni nilizitumia kwake. Jioni ni muhogo na ndizi mbichi za nazi, samaki pembeni. Asubuhi ni majimbi ya jana, yamekaangwa. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba, anashika shina la muhogo na kulitikisa kidogo, kisha anachimbua udongo kwa mkono. Anatoa mizizi miwili tu, anafukia, shina linaendelea kukua. Sikuwahi kuona mzani pale.

Ile mizizi miwili aliiandika nani? Nataka kumsaidia binamu asiandike kitu kisicho kweli juu ya watu wetu. Na je, kama kweli upungufu upo, mihogo ya Mkuranga haiwezi kupanda meli?

Mihogo Tandika

Dada, hilo la mwisho nikujibu mimi. Mihogo ninayouza inatoka Mkuranga na Kisarawe, na biashara yangu yote ni kukimbizana na saa. Muhogo ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu ukiukata katikati unakuta mistari ya buluu iliyokoza, kama wino umemwagika ndani. Kwa nje bado mzuri, ganda limenyooka. Mama wa mihogo ya kukaanga akiukata na kuiona hiyo mistari, anakurudishia papo hapo, na ana haki.

Masika moja gari letu lilinasa kwenye tope huko ndani, siku mbili. Tulipofika sokoni nikakata mmoja, nikakata wa pili, wa tatu, nikaacha kukata. Mzigo mzima ulikwenda kwa mfuga nguruwe.

Sasa wewe unajua bandari kuliko mimi: kungoja kupakia, safari, kungoja kushusha. Utafika umekufa. Kinachoweza kusafiri ni makopa yaliyokauka vizuri, au unga wake. Viazi mviringo vinavumilia, ndiyo maana hivyo unaviandika kila wiki.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, mwambie binamu yako asisahau magonjwa. Yapo mawili makubwa, na yote yanaenezwa na inzi weupe na mbegu zenye ugonjwa. Batobato unaiona kwenye jani, limejikunja na kupata mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo mwizi hasa. Mmea unaweza kusimama vizuri, mkulima anangoja, siku ya kuvuna anakuta ndani mzizi umeoza, mgumu na wa kahawia kama kizibo. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, enzi za Tanganyika, miaka ya 1930, na Komoro nako umeshafika.

Angalia maana yake kwa hesabu. Mtu akikadiria mavuno kwa kutazama ukubwa wa shamba, anaandika chakula ambacho hakipo. Kwa bibi yako ilikuwa kinyume chake, chakula kilikuwepo na hakikuandikwa.

Halafu kuna kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilichopiga Ngazidja na kuangusha migomba na mashamba mengi. Mwaka kama huo usiuandikie kwamba watu wamependa wali.

Nakuomba jambo moja. Usimpelekee mtu pingili za muhogo kwenye begi, hata kwa nia njema. Ndivyo magonjwa haya yanavyovuka bahari.

Kalamu na Namba

Nafanya kazi za takwimu, niongeze upande wangu. FAO hawapimi sahani ya mtu. Wanachukua mavuno, wanajumlisha kilichoingizwa, wanatoa kilichouzwa nje, mbegu, chakula cha mifugo na kilichoharibika. Kinachobaki wanakigawa kwa idadi ya watu. Ndizi mbichi za koko wako hazimo kwenye fungu la mizizi kabisa, ingawa pale nyumbani zilikaa sufuria moja na muhogo.

Idadi ya watu nayo ni jambo kubwa kwenye hesabu hii. Sensa ya Komoro ya 2003 ilihesabu watu kama 576,000, ya 2017 kama 758,000. Mashamba yakitoa kiasi kile kile, fungu la kila mtu linapungua kwa karibu robo bila mtu yeyote kuacha muhogo.

Muulize pia kama ameunganisha majedwali mawili ya FAO. La zamani linaishia 2013, jipya linaanzia 2010, na njia za kukokotoa si moja. Mstari ukiruka hapo katikati, huenda umeruka mezani na si shambani.

BintiKurasini

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimempigia binamu muda huu. Kweli, aliyaunganisha majedwali, na hakujua kama yana tofauti. Anayatenganisha usiku huu.

Wali hatauondoa, na mimi sikutaka auondoe. Wali ni chakula cha ndoa kubwa, ile sherehe ya kimila ya Komoro, na hela zinazotumwa kutoka Ufaransa zinaununua kwa urahisi kuliko kulima kwenye mawe ya Karthala. Ila sasa utakaa karibu na watu walioongezeka, michirizi na kimbunga. Shangazi aliyeko Komoro amekubali kupima mihogo yote anayong'oa nyuma ya nyumba kwa mwezi mmoja. Mzani wa jikoni nimeshaufunga, unaondoka na meli ya Alhamisi.

Kaka wa Tandika, Jumamosi napita kwako. Niwekee makopa kilo kumi, yaliyokauka kweli.

Mihogo Tandika

Njoo kabla ya saa tatu asubuhi. Utayavunja mwenyewe kwa mkono usikie yanavyolia.