Kukadiria ulaini wa uso katika uchongaji mdogo sana wa metali

Swali: Ninachonga alumini kwa kisu kinachozunguka, chenye meno na kipenyo cha milimita 0.5. Kanuni ya kawaida, inayokadiria kimo cha mikwaruzo kwa kugawanya mraba wa msogeo wa kila jino (umbali ambao kisu husonga mbele kwa kila jino) kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha pembe ya jino, inatabiri uso laini zaidi nikipunguza msogeo. Mbona uso unazidi kukwaruza?

Jibu la 1: Kanuni hiyo huchukulia kwamba makali ni makamilifu. Kwa kweli yana mviringo, na msogeo ukipungua mno kuliko mviringo huo, jino huikandamiza metali badala ya kuikata, nayo huinuka tena kidogo nyuma yake.

Jibu la 2: Naafiki, lakini usisahau kuyumba kwa kisu: msogeo ukiwa mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na mhimili unaozungusha kisu ukayumba mikromita 2, jino moja hubeba karibu kazi yote. Iingize hali hiyo katika hesabu yako ya makadirio.