Mjadala: Mgonjwa anayelishwa kwa mpira apewe chakula cha kusaga nyumbani?

Mtoa mada
Salaam wanajamvi. Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitalini na mpira wa kulishia puani au tumboni, mara nyingi jamaa huambiwa ni maziwa maalumu ya kopo tu, blenda hapana. Sasa kopo la gramu 400 ni chakula cha takriban siku moja kwa mtu mzima. Kwa mshahara upi? Ndiyo maana watu mitaani husaga ndizi, viazi na samaki kimyakimya, daktari akiuliza wanasema kopo. Mimi naona wafundishwe. Nyie mwaonaje?

Nesi mstaafu, Tudor
Marufuku haikuja bure. Utafiti wa Ufilipino wa 2001 ulikuta bakteria kwenye vyakula vilivyosagwa hospitalini kwenyewe. Sembuse sufuria iliyokaa mezani tangu asubuhi, kaskazi limepamba moto na stima imepotea? Kilichosagwa kisipite saa 2 nje ya friji.

Lakini nikiulizwa mimi, adui mkubwa ni maji. Rojo likiwa zito mpira huziba. Anayelisha hutia kikombe cha maji, halipiti, atia tena, mwisho hulipitisha kwenye chujio la chai. Sasa sirinji yashuka vizuri, kila mtu afurahi. Mgonjwa apata mililita 250 mara tano kwa siku, nusu yake maji, na makapi yaliyotupwa ndiyo yaliyokuwa na nyama. Nimeona wagonjwa kama hao wakirudi kliniki, mifupa ya nyonga yahesabika, mgongo una kidonda.

Mama Wawili, Kisauni
Bi Nesi, kweli tupu. Ila mwanangu ana mpira wa tumboni, na maziwa ya kopo alikuwa akiyatapika yote. Cha kusaga kinatulia. Hata Cincinnati, Marekani, madaktari waliripoti 2011 kuwa watoto wengi waliofanyiwa upasuaji wa kuzuia kucheua walipungukiwa na kichefuchefu walipobadilishiwa chakula cha kusaga. Uzito wake tunaupima kliniki, na rojo nalilainisha kwa maziwa na mafuta, si maji.

Nesi mstaafu, Tudor
Hapo sina ubishi, dadangu: mpira wa tumboni ni mpana, tena una mtaalamu wa lishe anayekufuata. Nawahofia wa mpira mwembamba wa puani. Na ule unaoishia utumbo mdogo, ambako chakula hakipiti kwenye asidi ya tumbo inayoua vijidudu, blenda isikaribie kabisa.

Mtoa mada
Basi kumbe tofauti yetu ni mpira gani na nani anafuatilia. Mbona anayeruhusiwa haambiwi hivyo, aambiwa "hapana" tu?