Nikate misindano nimlipie kijana chuo au aombe mkopo Bodi? Tujadili

Baba Misindano, Mafinga

Kamwene ndugu zangu. Naleta hili kwenu mana nyumbani limeshagawa watu. Mwaka 2007 alivyozaliwa kijana wangu wa kwanza nilipanda misindano (paina, miti ya mbao) heka tatu huku Mufindi, marehemu baba ndo aliniambia mtoto usimnunulie ng'ombe, mpandie miti akue nayo. Basi wamekua wote. Kijana kamaliza fomu siksi mwezi wa tano, anataka uhandisi pale chuo cha MUST Mbeya, miaka minne, na miti nayo iko tayari, jamaa wa dingdong (mashine za kupasulia mbao) wameshakuja mara mbili kuizunguka. Mama watoto anasema kata, ndo kazi yake iliyopandiwa. Mdogo wangu anasema mi kichaa, Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005, hela haina riba, mwache kijana akope ajilipie mwenyewe akianza kazi, misindano ukikata haichipui kama milingoti, unaanza upya kusubiri miaka kumi na tano na zaidi na umri wenyewe ndo huu. Afu kuna kitu kingine kinanisumbua, hivi mtu mwenye heka tatu za miti akimwombea mwanae mkopo ni haki kweli? Semeni tu, sinuni.

Mhasibu wa Njombe

Kaka, mdogo wako yuko sahihi na ntakwambia kwa hesabu. Tuseme Bodi wampe asilimia mia. Ada milioni moja na laki tatu hivi, boom, yaani hela ya kujikimu, elfu kumi kwa siku (ilipanda, kabla ya hapo ilikuwa 8,500) kwa siku 240 ni 2,400,000, weka vitabu na field unakaribia milioni nne kwa mwaka. Akimaliza anadaiwa kama milioni 16. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyokuwa inawaua watu Rais Samia aliifuta Mei Mosi 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kama zamani. Akiajiriwa kwa laki nane anakatwa asilimia 15, yaani 120,000 kwa mwezi, anamaliza kwenye miaka kumi na moja. Sasa hiyo laki na ishirini ya mwaka wa kumi na moja itakuwa inanunua nini? Pesa inashuka thamani deni halipandi, unataka nini tena? Miti ikifika muda wake uza sawa, ila hela ipeleke hatifungani za serikali Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, kuanzia milioni moja unaingia na riba inakuja kila baada ya miezi sita. Kulipa ada keshi wakati kuna mkopo wa hivyo ni kujipiga mwenyewe.

Binti wa Uyole

Mhasibu umesema "akiajiriwa" harakaharaka ukapita kama unavuka barabara pale Kabwe. Mi nilimaliza ualimu nikakaa nyumbani miaka mitatu nauza vocha na chipsi, na deni haliulizi kama una kazi, miaka miwili baada ya kumaliza unatakiwa uanze kulipa, uliyejiajiri ni asilimia 10 ya kipato au usipungue laki moja kwa mwezi. Laki moja kwa mtu wa chipsi! Nikaja kuajiriwa. Njoo uone salary slip: kodi, pensheni asilimia 5, bima 3, chama 2, afu Bodi 15 ya basic, inaondoka kabla sijaishika. Benki nikienda kukopa nijenge hata chumba na sebule wananiambia dada hukopesheki zaidi ya hapa. Baba yangu ana kahawa Mbozi, kipindi kile alisema maneno hayohayo ya mdogo wako, kopa utalipa ukubwani, kahawa tuiache. Sawa, kahawa ipo mpaka leo. Ila sasa hivi akiumwa au akitaka mbolea ananipigia mimi na mimi mfukoni sina. Hatugombani, ila huwa nawaza.

Dereva Tunduma

Mpe kijana misindano yenyewe na dingdong juu, miaka minne anakuja kuwaajiri hao mainjinia 😂

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Mhasibu hesabu zako safi ila hukujibu swali lake la mwisho, la haki. Mimi ni wa kizazi kilichosomeshwa na serikali, nauli ya treni nilipewa, kwa hiyo sina mdomo wa kumwambia mtu mikopo ni mibaya. Ila pesa ya Bodi ina kikomo na imewekwa kwa ajili ya wahitaji. Nimewahi kukaa kijijini kwetu nikaona kijana ambaye kwao wana parachichi na gari la kubebea anapata barua ya mtendaji kwamba wazazi hawana uwezo, na binti yatima niliyemfundisha mwenyewe akakosea kiambatanisho kimoja tu cha vifo vya wazazi, hakupata. Alirudi akaolewa. Sisemi yule alichukua nafasi ya huyu, sina ushahidi huo, lakini kila mwenye heka tatu akijifanya hana basi foleni inarefuka na wanaobaki nyuma tunawajua. Mtu alijiandaa miaka kumi na tisa halafu siku ya siku anajificha kwenye kundi la wasiojiandaa, hapana.

Mhasibu wa Njombe

Mwalimu shikamoo, nakuheshimu ila hapo unamwonea. Mfanyakazi wa milioni mbili kwa mwezi tunamwita mwenye uwezo, sawa. Huyu mzee ameingiza hela ya hilo shamba mara ngapi tangu 2007? Sifuri. Amepalilia, amepogolea, amelinda moto kila kiangazi, na moto ukipita usiku mmoja tu anakuwa maskini kuliko huyo yatima. Miti iliyosimama sio hela. Na kodi si analipa kila akinunua sukari?

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Marahaba. Kama sio hela mbona unamshauri aipeleke Benki Kuu?

Mama Viazi, Mwanjelwa

Mwalimu hapo umemweza. Ila wote mnaongea kama Bodi ni duka, unaenda na hela yako unachagua. Mi nina watoto wawili wamepita chuo ngoja niwaambie inavyokuwa. Wa kwanza majina ya awamu ya kwanza yalitoka hayupo, ya pili hayupo, chuo kimeshafunguliwa na mtoto yuko Dar, akawa anabebwa na mwenzake chumbani wanalala wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu mpaka mimi nikauza viazi vya mbegu niliyokuwa nimeviweka. Mbegu! Msimu uliofuata nilipanda vya kununua. Wa pili yeye alipata, lakini kapewa kiasi, ada sehemu nimalizie mimi, na boom ya kwanza ilichelewa. Kwa hiyo Baba Misindano hata akiomba mkopo, mwezi wa kumi lazima uwe na hela mkononi: ada ya kuanzia, hosteli, godoro, nauli, mtoto ale wiki za mwanzo. Huo ndo ukweli ambao mhasibu hajauweka kwenye hesabu.

Na kingine, kama unauza uza mapema. Wanunuzi wanaijua kalenda ya vyuo kuliko sisi wazazi. Ukienda mwezi wa kumi una jasho usoni tajiri anakuona tu, anakwambia soko baya. Viazi hivyohivyo, mbao hivyohivyo. Mi siku hizi kwa mdogo wao wa tatu naweka kidogokidogo ule mfuko wa uwekezaji wa watoto wa UTT, na kikoba ni cha dharura tu, kikoba sio cha chuo mana kila disemba mnagawana na disemba ina mambo yake.

Fomu Siksi Iringa

Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Mmeongea miti, Bodi, kahawa, viazi. Huyo kijana mwenyewe kaulizwa?

Binti wa Uyole

Dogo kaua. Mi sikuulizwa.

Baba Misindano, Mafinga

Nimesoma zote, asanteni sana. Huyo dogo wa Iringa kanipa aibu mana kweli nilikuwa sijamuuliza, nilimuuliza kozi tu. Jana jioni nikamwita. Kasema, baba ile miti likizo zote nilikuwa napalilia mimi na mdogo wangu, mbona unaongea kama ni yako peke yako? Sikuwa na jibu. Afu kasema yeye hataki yote ikatwe mana mdogo wake yuko fomu tuu na hakupandiwa kitu (ni kweli, alivyozaliwa nilikuwa sina hata hela ya miche). Anataka aombe mkopo, akipewa kiasi chochote apokee, atalipa.

Nikamwambia sawa, ila hatuendi kutafuta barua ya kwa mtendaji. Tumekaa na simu yake tunajaza, tulipofika kwenye taarifa za mzazi mama yake akanitazama. Nimemwambia andika mkulima wa miti, heka tatu. Mwalimu nakusikia. Wakitunyima watunyime.

Na heka ya juu, ile ambayo mwaka juzi moto ulilamba pembeni, inakatwa mwezi wa nane kabla watu hawajaanza kukimbizana, hapo Mama Viazi umenisaidia sana. Mbili zinabaki. Mdogo wangu bado kanuna. Sasa mwenye kujua bei ya haki ya mti mmoja uliosimama huku Mufindi anitonye, jamaa wa dingdong wanarudi jumamosi na safari hii nataka niwe najua ninachoongea.