Utafiti wa dawa ya saratani ya mapafu: wagonjwa wa Kusini wapangwe kwa kura?

Mleta mada, Mtwara mjini:
Wakuu, tuseme Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini inaombwa kushiriki utafiti wa kidonge kipya cha saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu ya wagonjwa wapewe kidonge, nusu kemo tuliyoizoea (dawa za dripu za kuua seli za saratani), na anayepanga ni kura, si daktari. Tukubali? Mimi nakubali, kwa masharti.

Mchangiaji, Newala:
Nakataa. Mgonjwa wa hatua ya nne hana muda wa bahati nasibu. Kidonge anameza nyumbani. Kemo ni dripu kila baada ya wiki tatu, na kutoka huku hadi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, ni zaidi ya kilomita 500. Kuna familia huku zinauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, zikiwa bado mtini, ili mgonjwa apate nauli. Kama wanaiamini dawa yao, wampe kila mtu.

Mleta mada:
Pole, ndugu yangu. Habari ya kangomba naijua vizuri. Lakini hiyo "wampe kila mtu" ndiyo inayonitisha. Utafiti wa IPASS ulichapishwa 2009: wagonjwa 1,217 wa Asia Mashariki, wengi wao hawajawahi kuvuta sigara, wakalinganishwa kidonge cha gefitinib na kemo ya karboplatini na paklitakseli. Wenye mabadiliko katika jeni ya EGFR, inayochochea seli kukua na ndiyo kidonge hicho kinailenga, uvimbe ulinywea kwa asilimia 71 ya waliomeza kidonge, na 47 ya waliopata kemo. Wasio na mabadiliko hayo, kidonge kiliwasaidia kama asilimia 1 tu. Kemo iliwasaidia asilimia 23.5!

Hao wa mwisho wangepewa wote kidonge kwa huruma, ugonjwa ungewamaliza huku tukishangilia dawa mpya. Pasipo kundi la kemo, nani angegundua?

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe) kipimwe jeni kabla ya kura. Asiye na mabadiliko yanayolengwa asiingizwe, apate kemo yake mapema. La pili, aliyeangukia kemo, ugonjwa ukisonga mbele, ahamishiwe kidonge. Katika IPASS wengi walihamia baadaye dawa za namna hiyo, na mwishowe muda wa kuishi wa makundi mawili ulikaribiana.

Mchangiaji, Lindi:
Mnabishania kura, mmesahau kesho yake. Utafiti ukiisha, anayeendelea vizuri na kidonge atakinunua kwa fedha gani? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka hilo lipangwe kabla ya kuanza. Halafu huku mtu anakohoa, anatibiwa TB miezi kadhaa, kinyama hakijachukuliwa. Mpaka saratani ijulikane, ana nguvu za kuingia utafiti wowote?

Mleta mada:
La kidonge umesema kweli, nalifanya sharti la tatu: liandikwe kabla NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa) hawajatoa kibali. Na linawezekana. WHO iliingiza erlotinib, kidonge cha kundi moja na gefitinib, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na India inatengeneza dawa za kundi hilo zisizo za chapa.

La TB linaniuma zaidi, ila kwangu si sababu ya kuufukuza utafiti. Tudai mfadhili alete kifaa cha kuchungulia njia ya hewa, asomeshe watu wa maabara, na vyote vibaki Mtwara akiondoka. Tukikataa, kinyama kitaendelea kusafirishwa Dar.

Wa Newala, nauli ya mgonjwa na msindikizaji ikilipwa, bado unakataa?

Mchangiaji, Newala:
Nauli ikilipwa na jeni ikipimwa kwanza, sitasimama mlangoni kuzuia. Lakini fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti mbele ya familia, kwa Kimakonde kwa anayekihitaji, na mgonjwa apewe siku za kwenda kushauriana na wa kwao. Kusainishwa mtu kitandani akiwa anahema, hilo sikubali hata mkilipa mara mbili.