Kaka anataka shamba la baba liwe kiwanda cha wiski. Nimuunge mkono ama nimzuie?

Mjukuu_wa_Ganda
Wakuu salamu. Niko Ganda, nje kidogo ya Malindi. Baba alitutoka mwaka juzi, akaacha ekari 12: mahindi, maembe na minazi ya tangu enzi za babu. Kaka yangu mkubwa amefanya kazi baa za hoteli miaka 11. Sasa karudi nyumbani na neno moja tu, wiski. Ati tusiuze tena mahindi kwa gunia, tuyapike, na Waitaliano wa mjini watagombania chupa yenye picha ya mnazi. Fundi wa shaba wa kumuundia mtambo ashamwona, na anataka hati ya shamba iende benki tukope milioni mbili.

Mama hataki kusikia. Juzi alimwuliza, "Kwa hivyo uzeeni nije niitwe mama wa mpika chang'aa?" Kaka akaacha sima mezani akatoka. Mie niko katikati. Wazo ni bovu, ama ni sisi waoga? Aliyewahi kuifanya kazi hii aniambie ukweli.

Baba_Mangwe
Minazi imesimama hapo nje, nyinyi mwataka kukopa mupike mahindi! Haya. Wasomi waje.

KimeaNaShaba
Nimefanya kiwanda cha pombe kali miaka sita, nitasema ninayoyajua.

Mahindi yanafaa. Bourbon, wiski ya Marekani, kwa sheria yao ni lazima mahindi yawe asilimia 51 ya nafaka au zaidi. Kazi iko kwenye wanga. Unasaga, unapika uji mpaka wanga ulegee, unauacha upoe hadi nyuzi 65 hivi, ndipo unatia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kiugeuze sukari. Nyanya zetu wa busaa, ile pombe ya nafaka, wanaijua hii kwa kimea cha wimbi. Kwa wiski, kimea cha shayiri kina nguvu kuliko cha mtama, na shayiri Ganda haioti, hiyo mtanunua. Kisha hamira, siku tatu nne, na kwa joto la huko lazima mpooze mapipa, la sivyo harufu itawafukuza wenyewe. Machicha yanayobaki wape ng'ombe, watawapenda.

Gunia la kilo 90, ukiwa makini, linatoa lita 25 hadi 30 za alkoholi tupu. Ukiishusha kwa maji hadi asilimia 40 ni chupa 80 hadi 100 za mililita 750. Naona hesabu hii ndiyo iliyomkosesha kaka yako usingizi. Lakini kinachotoka mtamboni ni maji meupe makali, bado si wiski. Wiski hufanywa na kulazwa kwenye pipa la mti wa mwaloni. Scotland sheria yao ni miaka mitatu kwa uchache. Miaka mitatu benki itakuwa inalipwa na nini, maembe?

Mjukuu_wa_Ganda
Kaka asema joto la pwani litaivisha haraka, hatuhitaji miaka mitatu.

KimeaNaShaba
Hapo hajakosea. Ila pipa nalo hunywa. Scotland hupotea hewani kama asilimia 2 ya wiski kwa mwaka. Bangalore kule India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, hupita asilimia 10. Nyinyi jihesabuni upande wa India.

Na jambo la sumu, maana najua mama analiwaza. Watu hudhani ukimwaga kikombe cha kwanza kinachotoka mtamboni, methanoli, ile alkoholi ya sumu, yote imeondoka. Sivyo. Nafaka yenyewe hutoa methanoli kidogo mno. Wale waliokufa na kupofuka hapa Kenya Mei 2014 walikunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kikombe cha kwanza twakimwaga kwa sababu kinanuka kama tina ya rangi.

Dada_wa_Sabaki
Mdogo wangu, hati iko kwa jina la nani?

Mjukuu_wa_Ganda
La babu.

Dada_wa_Sabaki
Basi habari ya benki ifungeni. Mirathi ya babu kwanza, kisha ya baba, na shangazi zenu wamo. Niliona familia ikirukia hapo, mpaka leo wanasalimiana mahakamani tu.

Ya pili, leseni. Sheria ya Kenya ya 2010 iliiondolea chang'aa, pombe kali ya kienyeji, marufuku, lakini haikusema kila mtu awashe moto nyuma ya nyumba. Mwahitaji leseni ya ushuru ya KRA (mamlaka ya kodi) kabla ya kuanza kutengeneza, alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango), stempu ya ushuru kwenye kila chupa, kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa maji machafu, na leseni ya kaunti. Chupa yenyewe iwe ya glasi, isipungue mililita 250. Bila hayo hata mkiilaza kwenye mwaloni, chifu akija ataiita chang'aa, na mama atakuwa amesema kweli.

Mie_wa_Amu
Mie sinywi wala siuzi, lakini baharini nimefika Colombo. Kule tembo la mnazi hukenekwa, yaani hupikwa mtamboni, likawa araki, kinywaji cha heshima, lina viwanda vyake. Haliwezi kuitwa wiski, kwa kuwa si la nafaka, lakini angalau ni la pwani. Ushauri wangu hata hivyo ni siki. Tembo likiachwa lachachuka lenyewe, halitaki pipa la mwaloni wala stempu ya pombe. Ukitaka sukari, lichemshwe likiwa tamu bado, asubuhi ileile lililogemwa, lisingoje adhuhuri.

Baba_Mangwe
Si nilisema? Ila mjue karara la maua linalogemwa halizai nazi. Musigeme shamba zima, wekeni mingine ya nazi.

Mjukuu_wa_Ganda
Nimerudi. Kaka amezisoma zote kwenye simu yangu, amesimama tu mlangoni. Ya benki hakusema kitu. Ya India alitukana kidogo. Fundi wa shaba kampigia akamwambia angoje. Mama yeye ameshika ya shangazi, asema Jumapili waitwe. Kisha kaka kaniuliza niulize: Baba Mangwe, mgema hulipwaje?

Baba_Mangwe
Wangu siku nne tembo ni lake, tatu ni langu. Mwambie kaka aje mangweni, hapa panaponywewa tembo, tuongee, lakini asije na chupa zake.