Pointi za kredit kadi kwenye matembezi ya familia, mbona zangu zinakuja chache?

MamaWaShangani
Wadau habari za jioni, naombeni msaada. Nina kredit kadi, siyo ile ya kutolea mshahara, hii ya mkopo unatumia mwezi mzima alafu unarudisha, na nilivyochukua nikaambiwa migahawa na burudani pointi zinahesabiwa mara mbili. Likizo hii nimewatoa wanangu watatu na bibi yao, tumelala Mikindani siku mbili tukala palepale hotelini, kesho yake tukapanda kivuko kwenda Msangamkuu watoto wakaogelea mpaka macho mekundu, tukala samaki tukanywa madafu. Naangalia pointi, za hoteli zimekuja za kawaida tu pamoja na chakula, za Msangamkuu hata moja hakuna. Nakosea wapi? Nilitaka nizikusanye zinisaidie Desemba niwapeleke Kilwa Kisiwani, wanausoma ule msikiti kwenye vitabu na hawajawahi kuuona, na sisi watu wa kusini kabisa jamani, inaniuma.

KusiniDamu
Dada hujakosea. Benki haijui umekula nini, inachoona ni ile mashine uliyochanjia kadi imesajiliwa kwa biashara gani. Kila biashara ina namba yake ya tarakimu nne, mgahawa ni 5812, sinema 7832, hoteli 7011, sasa chakula kikiingizwa kwenye bili ya chumba kinahesabika hoteli hata ungekula pweza sahani tano. Siku nyingine lala hotelini ila chakula katafuteni mgahawa unaojitegemea wenye mashine yake. Marekani kuna kadi kama Capital One Savor inarudisha asilimia 3 kwenye burudani na migahawa, ila kule hata kwenye mabembea ya watoto wanachanja. Huku kwetu samaki wa ufukweni ni keshi au lipa namba, na lipa namba hela inatoka kwenye simu, kadi haijaguswa, pointi zitoke wapi?

MchingaMoja
Naongezea hapo kwenye keshi maana mimi nimeumia. Sikukuu ya Idi nilikuwa Lindi na familia, nikaenda ATM nikatoa laki tatu kwa kredit kadi nikijua ni matumizi kama matumizi mengine. Pointi sifuri, nikakatwa ada ya kutoa, na riba ikaanza kuhesabu siku ileile, hakuna kile kipindi cha kusubiri unachopewa ukichanja dukani. Mama nakusihi keshi ya matembezi toa kwenye akaunti yako ya kawaida. Na deni lipa lote, siyo kile kiwango cha chini wanachokuandikia. Piga hesabu, tuseme pointi zina thamani ya asilimia 1, ukichanja laki tatu dukani unapata elfu tatu, alafu deni hilo likilala mwezi kwa riba tuseme ya asilimia 3 imeondoka elfu tisa.

MamaWaShangani
Asanteni sana ndugu zangu, pole MchingaMoja. Deni huwa namaliza lote kwahiyo hapo niko salama. Na king'amuzi je? Kila mwezi nalipia kwa simu.

KusiniDamu
Lipia kwa kadi kama wanapokea, hiyo hela inatoka kila mwezi hata usiposafiri. Ila waulize benki kwanza king'amuzi wanakiweka burudani au fungu lingine, kila benki na mpangilio wake. Na waulize pointi zinakufa baada ya muda gani, usije ukafika Desemba zimeshaisha muda.

MamaWaShangani
Hilo la kufa sikulijua kabisa! Kesho asubuhi naenda benki. Boti ya kuvukia Kisiwani naanza kuiwekea keshi pembeni.